Osileta za Magari na Mitambo: Lipia Joto na Mtikisiko Kwanza

Kidhibiti mwendo cha matatu huhesabu mapigo yanayotoka kwenye kihisi cha gurudumu au cha giaboksi. Ili kijue ni mapigo mangapi yamepita kwa sekunde, lazima kiwe na sekunde yake chenyewe, na sekunde hiyo hutoka kwenye kipande kidogo cha bati au seramiki ambacho ndani yake mna kijibao cha kwatzi kinachotetema. Tupige hesabu. Kipande hicho kikikosea kwa sehemu 100 katika milioni, yaani 100 ppm kama vipimo vinavyoandika, gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa litasomeka kwa kosa la kilomita 0.008. Hakuna askari wa barabarani wala dereva atakayeligundua kosa hilo. Hata saa ya ndani ya mikrokontrola, ile isiyotumia kwatzi kabisa na inayoweza kukosea kwa asilimia 1, itapotoka kwa kilomita 0.8 tu.

Kijibao hichohicho kikipasuka baada ya miezi sita ya barabara ya changarawe, kifaa chote kimekufa. Gari linalala gereji, abiria wanatafuta usafiri mwingine, na aliyeuza kifaa anapigiwa simu. Hata hivyo, swali la kwanza la wanunuzi wengi wa osileta, tangu chuoni hadi kwenye karakana, ni moja: “Ina ppm ngapi?” Wanaongeza pesa ili watoke ppm 30 wafike ppm 10, kisha wanachukua kipande kilichoandikiwa mwisho nyuzi 70 na kukifunga nyuma ya dashibodi ya gari linaloshinda juani. Mimi naona pesa hiyo ingelipia joto na mtikisiko kwanza. Usahihi ununuliwe kwa kiasi ambacho kazi yenyewe inadai, basi.

Machaguo makuu yaliyopo sokoni ni saba, na bei zake zinatofautiana sana. Ninazotaja hapa ni za makadirio, kwa anayenunua vipande mia chache katika maduka ya mtandaoni. Zitumie kulinganisha, kisha omba bei halisi siku ya kununua. Saa ya ndani ya mikrokontrola ni bure. Risoneta ya seramiki, yenye kosa la kama asilimia 0.5, ni senti 10 hadi 30 za dola. Fuwele tupu ya kwatzi, inayohitaji kapasita mbili pembeni na saketi ya mikrokontrola kuitetemesha, ni senti 10 hadi 30 kwa daraja la kawaida, na senti 30 hadi 80 kwa daraja la magari. Osileta kamili ya kwatzi, ambayo fuwele na chipu yake vimefungwa pamoja na inatoa mapigo tayari, huanzia chini kidogo ya dola moja, na ya daraja la magari hufika dola 2 au 3. Osileta ya MEMS, ambayo badala ya kwatzi ina kitetemeshi cha silikoni, ni dola 1 hadi 4 kwa madaraja ya joto kali. TCXO, ile inayojirekebisha kadiri joto linavyobadilika, ni dola 2 hadi 5. Mwisho kabisa kuna OCXO, ambayo fuwele yake inakaa ndani ya kioveni. Hiyo hugharimu makumi ya dola, hula umeme mwingi, na nafasi yake ni kwenye minara ya mawasiliano na vyombo vya maabara. Kama unatengeneza kifaa cha gari au cha pampu, iache.

Sasa kazi zenyewe. Waya wa CAN unaounganisha kompyuta za gari ulipangwa kwa uvumilivu mkubwa: vipimo vya Bosch vya mwaka 1991 vinakubali kosa la asilimia 1.58 kwa mwendo wa hadi kilobiti 125 kwa sekunde. Ukipanda kilobiti 500, kadiri ya magari mengi ya leo, uvumilivu unapungua na kwatzi inakuwa chaguo salama, lakini bado hata fuwele ya senti 15 inatosha kwa usahihi. LIN, waya wa vioo vya madirisha na swichi za viti, una uvumilivu zaidi: vifaa vinavyomfuata mkuu wa waya vinaweza kukosea hadi asilimia 14 kabla ya kujilinganisha naye. Modbus juu ya RS-485, lugha ya pampu na mita za viwandani, inaridhika na kosa la asilimia moja hivi kila upande. USB ya mwendo wa kawaida inataka asilimia 0.25. Chipu nyingi za Etheneti ndizo zinazoanza kubana, kwa sababu zinaomba ppm 50, na hesabu hiyo inajumlisha joto, uzee na kosa la kiwandani vyote pamoja.

Kifaa cha kufuatilia magari, kama vile vinavyofungwa kwenye mabasi ya mikoani Tanzania kwa mfumo wa LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, kina jambo moja ambalo wengi hulisahau. Moduli ya GPS mara nyingi tayari ina TCXO yake ndani, na inakupa wakati wa setilaiti ulio sahihi kuliko chochote utakachokinunua. Mwenye moduli hiyo hana sababu ya kulipia TCXO ya pili kwa ajili ya saa ya kumbukumbu. Aweke fuwele ya kawaida iliyo imara, na programu isahihishe saa kila setilaiti zinapoonekana. Hapo ameokoa dola mbili au tatu kwa kila kifaa, na dola hizo zina kazi nyingine nitakayoieleza.

Joto ndilo linalostahili muda mwingi. Kwatzi iliyokatwa kwa mkato wa AT, uliobuniwa Bell Labs mwaka 1934 na unaotumika mpaka leo katika fuwele nyingi za megahezi, hubaki tulivu karibu na joto la chumba. Ukiipeleka kwenye ncha za joto na baridi inakimbia, kwa mchoro unaopinda mara mbili. Fuwele ya ppm 20 imepewa namba hiyo kwa masafa fulani ya joto, mara nyingi kuanzia nyuzi 20 chini ya sifuri hadi 70. Ifikishe 105 na karatasi yake haikuahidi kitu tena. Kwa hiyo namba ya ppm isiyoandamana na namba mbili za joto haina maana, na muuzaji anayeitaja peke yake hajakujibu.

Viwanda vya magari vimeyapanga madaraja hayo wazi. Kwa chipu, AEC-Q100 ina daraja 3 linaloishia nyuzi 85, daraja 2 nyuzi 105, daraja 1 nyuzi 125 na daraja 0 nyuzi 150, yote yakianzia nyuzi 40 chini ya sifuri. Kwa vipande kama fuwele, kiwango ni AEC-Q200. Kifaa cha ndani ya gari, chini ya kiti au ndani ya boksi lisilopigwa na jua, kinaishi vizuri na nyuzi 85. Nyuma ya dashibodi, chini ya kioo cha mbele, ningechukua 105. Chini ya boneti anza na 125 na usishuke. Uangalie pia joto la bodi yenyewe: osileta iliyokaa sentimita moja kutoka kwenye kidhibiti volti kinachochemka inaishi katika joto la jirani yake, hata kama hewa ya nje ina baridi ya Njombe.

Kuna jambo la kufahamu kuhusu herufi hizo za AEC. Baraza lililoandika viwango hivyo halitoi cheti kwa mtu yeyote. Kila kiwanda hupima bidhaa zake chenyewe na kutangaza kwamba zimefaulu. Tangazo la duka linalosema “daraja la magari” bila kutaja Q100 au Q200 na bila daraja la joto halijaahidi chochote. Omba ripoti ya majaribio. Kiwanda kilichofanya kazi hiyo kwa kweli huwa nayo, na wasambazaji wake wanajua pa kuipata.

Saa ya kumbukumbu, ile inayoandika tarehe na saa ya kila tukio, inasumbua kuliko zote. Fuwele yake ni ya mapigo 32,768 kwa sekunde, namba ambayo ukiigawa kwa mbili mara 15 unapata sekunde moja kamili. Ndani yake mna uma wa kwatzi wenye meno mawili, na tabia ya uma huo ni kwamba uko sahihi kwenye nyuzi 25 tu. Ukipanda au ukishuka, saa inachelewa, na haiwahi kamwe. Kosa linakua kwa mraba wa tofauti ya joto, takriban 0.034 ppm kwa kila nyuzi iliyozidishwa kwa yenyewe. Kwenye boksi la nyuzi 65, tofauti ni 40, na kosa linafika ppm 54. Hizo ni sekunde 4.7 kwa siku, zaidi ya dakika mbili kwa mwezi. Kwa mita ya maji isiyo na mtandao wala GPS, iliyo juu ya tangi la bati huko Dodoma, kuchelewa huko kunaharibu rekodi zote.

Kwa kazi ya namna hiyo, chipu kama DS3231 inastahili bei yake. Toleo lake la joto pana, linaloishia na herufi SN, linashika ppm 3.5 kuanzia nyuzi 40 chini ya sifuri hadi 85, chini ya dakika mbili kwa mwaka mzima. Toleo linaloishia na M lina MEMS ndani badala ya kwatzi na linashika ppm 5. Ukiipata kwenye zile moduli ndogo za bluu zinazouzwa rahisi Kariakoo au Luthuli Avenue, itazame kwa karibu kabla ya kuifunga. Karibu na kishikio cha betri mna diodi ndogo na rezista ya omu 200 zinazochaji betri, ilhali betri inayowekwa humo mara nyingi ni CR2032, ambayo haichajiki. Ng’oa mojawapo ya vipande hivyo kwa chuma cha kulehemu. Kisha soma joto la betri yenyewe: CR2032 nyingi za kawaida zinaishia nyuzi 60, kwa hiyo hata chipu ikivumilia 85 betri itakuangusha. Kuna betri za sarafu za aina ya BR zilizotengenezwa kwa joto kubwa. Ni ghali zaidi, na mahali pa jua kali zinalipa.

Mtikisiko nao una mambo mawili tofauti ambayo huchanganywa. La kwanza ni kipande kuvunjika. Fuwele za zamani za kopo refu lenye miguu miwili, zile za HC-49 zinazoonekana kwenye bodi nyingi zinazoletwa kwa fundi, huyumba juu ya miguu yake mpaka chuma kinachoka na kukatika. Ukikuta moja kwenye kompyuta ya lori iliyofika mezani kwako, ilaze na kuigandisha kwa silikoni unaporudisha mpya. Kwa bodi mpya, tumia vipande bapa vya seramiki, na uviweke mbali na matundu ya skrubu, mbali na ukingo unaovunjwa wakati bodi zinatenganishwa, na mbali na relei nzito. Bodi inapopinda, fuwele ndiyo inayobeba mvuto huo. Na usiisafishe bodi yenye fuwele za uma kwa zile mashine za mawimbi ya sauti zilizojaa kwenye vibanda vya mafundi simu. Viwanda vya fuwele vinaonya waziwazi kwamba mawimbi hayo yanaweza kuvunja meno ya uma ndani ya kopo lililofungwa, na kwa nje hutaona alama yoyote.

La pili ni mapigo kuyumba wakati kipande bado kizima. Kwa mikrokontrola inayohesabu mwendo wa gari, halina uzito. Kwa redio, rada au kiungo cha data cha kasi kubwa, lina uzito, na hapo MEMS inaishinda kwatzi ya kawaida, kwa sababu kitetemeshi chake cha silikoni ni chepesi mno na mtikisiko wa nje unakisukuma kidogo sana. Wepesi huohuo ndio unaofanya osileta nyingi za MEMS ziandikiwe kuvumilia kishindo cha g 10,000 na zaidi, wakati nyingi za kwatzi zinaishia kwenye elfu chache. Kwa pikipiki, trekta, mashine ya kusaga kokoto au kifaa kilichofungwa moja kwa moja kwenye injini, ningelipia MEMS.

Isije ikadhaniwa kwamba MEMS haina udhaifu. Oktoba 2018, kwenye hospitali ya Morris huko Illinois, Marekani, simu na saa za Apple zipatazo 40 zilizimika wakati mashine mpya ya MRI ilipokuwa ikifungwa, ilhali simu za Android zikaendelea kufanya kazi. Heliamu iliyovuja ilipenya ndani ya osileta za MEMS na kuvuruga mapigo yake. Baada ya siku kadhaa gesi ikatoka na nyingi zikapona. Mwenye kutengeneza kifaa cha kukaa karibu na MRI, au na mashine za kuchomelea zinazotumia heliamu, achague kwatzi au aulize toleo linalostahimili gesi hiyo. Pia kuna umeme. MEMS ya kawaida inaweza kula miliampia 4 mfululizo, na gari likiegeshwa siku 30 hiyo ni takriban ampia-saa 2.9 kutoka kwenye betri ikiwa unatumia kidhibiti volti cha kushusha kwa joto. Chagua yenye pini ya kuilaza, na programu iitumie pini hiyo.

Pwani inaongeza jambo ambalo vitabu vya nchi baridi hulipitia haraka. Miguu ya fuwele tupu, hasa ya 32,768, hubeba mkondo mdogo mno. Mabaki ya flaksi yakivuta unyevu wa Mombasa, Tanga au Unguja, njia ndogo ya kuvuja kati ya miguu hiyo inatosha kuisimamisha saa asubuhi na kuiacha ifanye kazi mchana, hitilafu inayomtesa fundi wiki nzima. Osha bodi, ikauke, ipake vanishi, kisha upime masafa tena, kwa kuwa vanishi nayo hubadilisha kapasita kidogo. Au nunua osileta kamili, ambayo sehemu zake nyeti zote zimefungwa ndani, na tatizo hilo limekwisha. Kwa mteja wa bandarini hii ni sababu nzuri kuliko ppm yoyote.

Tuje kwenye pesa. Tuseme unatengeneza vifaa 500 vya kufuatilia mabasi. Fuwele ya kawaida na kapasita zake ni senti 15. Ya Q200 ni senti 45. MEMS ya daraja la magari ni dola 2. Kuhama kutoka ya kwanza kwenda ya pili kunaongeza dola 150 kwa kundi zima. Kuhama kutoka ya kwanza kwenda MEMS kunaongeza dola 925. Tuseme pia kumtuma fundi kutoka Dar es Salaam hadi Mbeya, zaidi ya kilomita 800, kwa nauli, posho na chumba, kunakugharimu dola 60. Dola 150 ni safari mbili na nusu: vifaa vitatu tu kati ya 500 vikiokolewa, fuwele ya Q200 imejilipa. Kwa MEMS unahitaji kuokoa safari 16, yaani zaidi ya vifaa 3 katika kila 100. Kwenye basi la lami sidhani utafika huko. Kwenye malori ya machimbo unaweza kufika, na rekodi zako za urudishaji ndizo zitakazosema. Ndiyo maana zile dola mbili au tatu ulizookoa kwa kuacha TCXO ya ziada zinafaa kuhamia hapa.

Kwa fuwele tupu kuna kipimo kimoja kinachogharimu rezista moja. Karatasi ya vipimo inaonyesha ukinzani wa fuwele, tuseme omu 60. Ongeza rezista ya mara tano yake, omu 300, mfululizo na fuwele, kisha uwashe bodi ikiwa na joto la juu kabisa na volti ya chini kabisa unayoitarajia. Ikiwaka kila mara, saketi ina nguvu ya akiba. Isipowaka, hitilafu itajitokeza kwa mteja hata ungenunua fuwele ghali kiasi gani. Angalia pia kapasita: fuwele iliyoandikiwa pF 12 inataka mbili za pF 18 hivi, si mbili za pF 12, kwa kuwa mbili mfululizo hugawanyika nusu na bodi yenyewe huongeza pF 3 hadi 5.

Kupima masafa hakuhitaji chombo cha bei kubwa. Moduli ya GPS hutoa pigo moja kila sekunde. Hesabu mapigo ya osileta yako ya megahezi kati ya pigo la kwanza na la kumi, na utaona kosa lililo dogo kuliko ppm 0.1. Usiguse mguu wa fuwele kwa proba ya osiloskopu, kwani kapasita ya proba inayasogeza masafa unayoyapima. Toa mapigo kwenye pini nyingine ya mikrokontrola na upimie hapo, bodi ikiwa ya baridi, kisha ukiipasha taratibu kwa bunduki ya hewa moto.

Limebaki suala la upatikanaji. Oktoba 2020 kiwanda cha chipu cha AKM huko Nobeoka, Japani, kiliungua, na kwa kuwa chipu zake zilitumika ndani ya TCXO za kampuni nyingi, bidhaa hizo ziliadimika duniani na bei zikapanda. Aliyekuwa na bodi inayokubali kipande cha kiwanda kimoja tu alisimama. Osileta za kwatzi na za MEMS zenye pedi nne, za ukubwa wa milimita 3.2 kwa 2.5, kwa kawaida hupanga miguu sawa: ya kwanza ya kuwasha au kulaza, ya pili ya ardhi, ya tatu ya mapigo, ya nne ya umeme. Chora pedi hizo, weka kapasita ya mikrofaradi 0.1 karibu na mguu wa nne, na uandike majina ya viwanda viwili au vitatu kwenye orodha yako ya manunuzi. Kundi la kwanza lifunge osileta ya kwatzi ya daraja la magari. Magari ya machimbo yakianza kurudi, kundi linalofuata litapokea MEMS kwenye pedi zilezile bila kubadilisha mchoro wa bodi.